Mwanangu, umeniuliza habari za Tarzan

Mama,

Swali lako la Jumapili lilinikuta mezani, nikakujibu hovyo. Uliuliza: "Baba, hivi ulimpendea nini yule Tarzan, mzungu wa kuning'inia kwenye kamba katika Afrika ya uongo?"

Kwenye uongo sibishi. Johnny Weissmuller aliigiza filamu 12 za Tarzan, 1932 mpaka 1948, na msitu wake kwa sehemu kubwa ulikuwa California. Hata tembo walikuwa wa Kihindi, wamebandikwa masikio ya bandia wafanane na wa kwetu! Sisi watoto wa Kirumba, Mwanza, tulijuaje? Tulishangilia tu. Na weusi mle ndani kazi yao kubeba mizigo na kufa mapema. Hilo nililiona ukubwani, likanikera.

Ila maji yake hayakuwa ya uongo. Kabla ya sinema alikuwa mwogeleaji, wa kwanza duniani kumaliza mita 100 chini ya dakika moja, mwaka 1922. Olimpiki za 1924 na 1928 akachukua dhahabu 5. Maneno ya filamu yalimshinda, kuogelea hapana.

Tena 1927 boti ilipinduka Ziwa Michigan, pale Chicago. Yeye na mdogo wake Peter wakaruka majini, wakaokoa watu 11. Habari hiyo niliisoma ujanani, nikaipita.

Ikanirudia Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama hapa mlangoni petu. Ulikuwa na miaka saba. Wiki ile nilishinda ufukweni na wenzangu, wanaume wazima tuliozaliwa ziwani, na wengi wetu hatukuweza kuogelea hata hatua ishirini.

Mwezi uliofuata nikakufunga dumu tupu la lita tano kifuani, kwa kanga ya mama yako, nikakuingiza majini Kapripointi. Mama yako akanigombeza wiki nzima, kichocho hicho! Ukalia. Ndipo nikapiga ule ukelele wa Tarzan, ukacheka, ukanywa maji. Siku ya nne fundo likafunguka, dumu likaenda zake, wewe ukabaki unapiga miguu wala hukujua.

Weissmuller alifariki Acapulco 1984. Jeneza likishushwa, walipiga ukelele wake uliorekodiwa.

Desemba mlete mjukuu wangu. Dumu nimeshapata. Kanga, mama yako amesema hatoi.

Baba yako