Humusi ya kotmiri na nanaa: majani yaingie mwisho

Wageni wakiniuliza humusi, yaani dengu zilizosagwa na ufuta, nimeitengeneza saa ngapi, huwajibu kwamba dengu nilizichemsha tangu juzi, leo nilikuwa na kazi ndogo tu. Ukitaka humusi ya haraka, weka dengu zilizokwisha kuiva ndani ya friza. Blenda nzuri haikusaidii kitu kama dengu bado ni kavu kwenye mfuko na adhana ya magharibi imekaribia.

Mimi huroweka vikombe 2 usiku kwa kijiko kimoja cha chai cha magadi soda. Asubuhi zimevimba karibu mara mbili. Namwaga maji yale, nazisuuza, naziteleka kwa maji mapya na magadi kidogo sana. Magadi hulegeza maganda, na maganda ndiyo yanayoacha chengachenga ulimini. Dengu iliyoiva sawasawa ukiibana kwa vidole viwili inapondeka yenyewe. Ikikataa, rudisha mfuniko, usiwe na haraka hapo. Zikipoa nazigawa kwenye vikopo, kikombe kimoja na nusu kila kopo pamoja na maji yake kidogo, kisha friza.

Pale sokoni Darajani, Unguja, utazikuta za aina mbili. Zile ndogo za rangi ya udongo zina ganda gumu na huchelewa kuiva. Kwa humusi nachukua zile kubwa nyeupe.

Aliyenifundisha ni wifi yangu, aliporudi kutoka Maskati. Alinieleza kuwa asili ya humusi ni Sham, yaani Siria na nchi za jirani, na kwamba kwa Kiarabu neno lenyewe maana yake ni dengu. Yeye alikuwa akitia tahina ya chupa, yaani ufuta uliokwisha kusagwa. Mimi natumia ufuta wetu huuhuu wa kunyunyiza juu ya mkate: nusu kikombe, naukaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka unukie, nausaga ungali na joto na vijiko 3 vya mafuta mpaka uwe kama uji mzito. Simama jikoni muda wote, usiende kokote. Ufuta ukishaungua huwa mchungu, na uchungu ule hauondoki kwa chumvi wala ndimu.

Thomu, yaani kitunguu saumu, nayo ina adabu yake. Twanga punje 2, zikamulie ndimu 2, uziache dakika 10. Ndimu huuvunja ule ukali unaobaki kinywani mpaka kesho. Tia vyote hivyo kwenye blenda pamoja na ufuta na vijiko 3 vya maji ya baridi sana, saga mpaka uone umekuwa mweupe, ndipo utie dengu, chumvi na nusu kijiko cha chai cha uzile (bizari nyembamba) uliokaangwa na kusagwa. Acha mashine ifanye kazi dakika 4 au 5. Ikiwa nzito, ongeza maji ya dengu kidogo kidogo.

Sasa majani. Mara ya kwanza nilitia kotmiri na nanaa tangu mwanzo, dengu zikiwa bado za moto. Kijani chote kikageuka rangi ya majani makavu na harufu ikapotea, ilhali nilikuwa na watu wa kufuturu. Niliumia sana. Moto na ukali wa ndimu ndivyo vinavyoua kijani, kwa hiyo siku hizi nasubiri kila kitu kiwe baridi na laini, halafu natia fungu dogo la kotmiri na majani 15 ya nanaa, yameoshwa na kukaushwa kwa kitambaa. Nasaga kwa sekunde chache tu, madoa ya kijani yabaki yakionekana. Vikonyo laini vya kotmiri visitupwe, vina ladha kuliko majani. Vya nanaa vitupwe, ni vigumu. Na nanaa isiizidi kotmiri, maana humeza ladha ya ufuta. Mrehani siutii kabisa. Huu wetu wa kufungia kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachojipamba wanawake, harufu yake ni kali mno kwa chakula hiki.

Umeme ukikatika natumia kinu. Haiwi laini vile, lakini majani yaliyotwangwa hunukia zaidi, na mimi huipenda hivyo pamoja na muhogo wa kuchoma. Kwa futari naitandaza kwenye sahani, nachimba kishimo katikati kwa mgongo wa kijiko, natia mafuta ya zeituni, na pembeni mkate wa ufuta wa moto. Mafuta ya nazi usitie, yataganda humusi ikikaa kwenye friji.

Inayobaki ifunike vizuri, uile ndani ya siku 3. Siku ya pili kijani kitakuwa kimefifia kidogo, basi ikatie kotmiri mbichi juu na uikamulie ndimu kabla ya kuipeleka mezani.