Shirika la ndege limefilisika, tiketi ninayo mkononi: pesa zangu nizidai wapi?

SWALI

Nilinunua tiketi ya kwenda na kurudi ya shirika la ndege la bei nafuu kupitia wakala wa mtandaoni, nikalipa kwa kadi ya benki. Kwenda nilisafiri salama. Sasa zimebaki siku nne nirudi nyumbani, na shirika limetangaza kusimamisha safari zake zote. Wakala ananiambia nidai kwa shirika, na shirika halipokei simu. Kuna pia tiketi ya mdogo wangu ya mwezi ujao, ambayo niliilipia moja kwa moja kwenye tovuti ya shirika, pamoja na begi na kiti. Nianzie wapi?

JIBU

Pole sana. Una kazi mbili, kurudi nyumbani na kudai pesa, na usiziache zikachanganyikana: ya kwanza ina siku nne, ya pili ina miezi. Lakini kuna jambo la dakika kumi lisilongoja. Tovuti ya shirika lililofilisika inaweza kuzimwa wakati wowote, na programu yake ya simu ikaacha kufunguka. Leo hii pakua au piga picha ya skrini ya uthibitisho wa safari zote mbili, risiti za malipo, mchanganuo wa nauli kama upo, na lile tangazo la kusimamisha safari likionyesha tarehe. Mashirika mengi ya bei nafuu hayatoi namba ya tiketi yenye tarakimu 13 kama ilivyo kwa mashirika makubwa. Ushahidi wako wote umekaa kwenye ile namba ya uhifadhi yenye herufi na tarakimu sita, basi iandike hata kwenye karatasi.

Jambo la pili: usighairi safari wewe mwenyewe. Watu wengi hukosea hapa, tena kwa nia njema tu, wakidhani kughairi kutaharakisha marejesho. Ukighairi, kumbukumbu zitaonyesha kwamba abiria alijiondoa kwa hiari, na tiketi za bei ya chini kwa kawaida hazirudishiwi pesa abiria akijiondoa. Benki ikiuliza, jibu litakuwa kwamba huduma ilikuwepo na mteja akaikataa. Hata wakala akikutumia kiungo cha "ghairi upate vocha," kiache. Vocha ya kampuni isiyorusha ndege ni karatasi tu, na kuipokea kunaweza kuhesabiwa kwamba umekubali kufidiwa.

Sasa kurudi. Usiende uwanjani ukitarajia kukuta mtu wa kukuhudumia. Ndege nyingi za mashirika haya ni za kukodi, na mwenye ndege huichukua haraka deni likizidi. WOW Air ya Iceland iliposimama tarehe 28 Machi 2019, ndege moja iliyokuwa imekodishwa ilizuiwa Keflavík na mwendeshaji wa uwanja kama dhamana ya deni, na mwenye ndege akalazimika kwenda mahakamani kuidai. Ikiwa hata mwenye mali alihangaika hivyo, abiria aliyesimama kaunta ana nafasi gani?

Tafuta mashirika mengine yanayoruka njia yako. Kampuni inapoanguka, washindani wake mara nyingi hutoa nauli maalumu kwa abiria waliokwama. Zinakuwa na masharti: hutolewa kwa siku chache, kwa njia fulani tu, na utatakiwa kuonyesha uthibitisho wa tiketi iliyokufa. Wakati mwingine hazionekani ukitafuta kwa njia ya kawaida, hivyo soma ukurasa wa taarifa kwa abiria wa kila shirika au piga simu. Chukua tiketi ya kwenda tu, na ikibidi kubadilisha ndege njiani, vipande vyote viwe kwenye uhifadhi mmoja. Ukiunganisha tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali, ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina wajibu wowote kwako.

Usikae hotelini ukisubiri serikali ikutumie ndege. Ni kweli imewahi kutokea. Shirika la ndege la Monarch la Uingereza lilipoanguka Oktoba 2017, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo iliwarudisha watu zaidi ya 80,000 waliokuwa nje. Kampuni ya utalii ya Thomas Cook ilipofuata Septemba 2019 ikawa zaidi ya 140,000. Hayo yalikuwa maamuzi ya pekee, na Thomas Cook ilikuwa na wateja wengi wa safari za kifurushi (ndege na hoteli zikiuzwa pamoja), ambazo nchini humo hulindwa kisheria. Abiria wa tiketi tupu wa WOW Air waliambiwa watafute ndege nyingine wenyewe.

Kama viza au kibali chako cha kukaa kinaisha ndani ya siku hizi, nenda ofisi ya uhamiaji kabla hakijaisha, ukiwa na lile tangazo na tiketi mpya. Anayefika mapema na karatasi zake husikilizwa kwa urahisi kuliko anayekutwa uwanjani siku zimeshapita.

Tuje kwenye pesa. Usianze na swali la nani ana makosa. Anza na njia ambayo pesa zako zilipita. Fungua taarifa ya akaunti na usome, herufi kwa herufi, jina lililoandikwa mbele ya kila muamala. Kwenye tiketi yako jina linaweza kuwa la wakala au la shirika, na mara nyingine kiasi kimegawanyika: nauli kwa shirika, ada ya huduma kwa wakala. Kwenye tiketi ya mdogo wako huenda ukakuta mistari mitatu, yaani nauli, begi na kiti. Kila mstari ni dai lake. Watu hudai nauli wakasahau begi, na begi kwenye mashirika haya linaweza kukaribia bei ya kiti chenyewe.

Aliyelipa kwa kadi ana njia iliyo imara kuliko zote, nayo ni kupinga muamala kupitia benki yake mwenyewe. Sababu ya kutaja ni "huduma haikutolewa." Kwa Visa sababu hiyo ina namba 13.1; kwa Mastercard iko chini ya 4853. Ukimtajia mtu wa huduma kwa wateja namba hizo, kwa kawaida anakupeleka moja kwa moja kwenye kitengo husika. Muda wa jumla ni siku 120, zikihesabiwa tangu siku ambayo huduma ilipaswa kutolewa au ulipojua kwamba haitatolewa, bila kuvuka siku 540 tangu ulipolipa. Huna haja ya kusubiri tarehe ya safari ya mdogo wako, tangazo linatosha. Benki nyingine zina muda mfupi zaidi wa kupokea malalamiko, kwa hiyo ifikie wiki hii.

Barua iwe fupi. Kwa mfano:

"Napinga muamala wa tarehe fulani, kiasi fulani, kwa jina kama lilivyo kwenye taarifa ya akaunti. Nililipia safari ya tarehe fulani, uhifadhi namba fulani. Mtoa huduma amesimamisha safari zote tarehe fulani, tangazo limeambatishwa. Huduma haikutolewa. Sikughairi, sikupewa safari mbadala wala marejesho."

Kwenye tiketi yako, dai kipande cha kurudi peke yake. Ukidai nauli nzima, dai linaweza kukataliwa kwa kuwa nusu ya huduma ulishaitumia. Kama mchanganuo unaonyesha bei ya kila upande, tumia hiyo, kwa sababu kurudi kunaweza kuwa ghali kuliko kwenda na hakuna haja ya kujipunja kwa kugawa katikati. Tiketi mpya ya kurudi usiiweke hapa. Benki hurudisha kilicholipwa kwa mfanyabiashara yule, hairudishi hasara iliyofuata.

Dai lako likikubaliwa, anayebeba mzigo kwa kawaida ni benki inayopokea malipo ya kadi kwa niaba ya shirika, ikiwa shirika lenyewe halina kitu. Ndiyo maana benki hizo zikinusa harufu ya kufilisika huanza kuzuia mapato ya tiketi mpaka safari ziwe zimefanyika. Frontier ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama Aprili 2008 baada ya kampuni iliyochakata malipo yake ya kadi kutaka kuzuia fedha nyingi zaidi. Ilinusurika, kwa sababu ulinzi wa aina ile huruhusu ndege kuendelea kuruka huku madeni yakipangwa upya. Kwa hiyo soma tangazo vizuri: "tumeomba ulinzi wa mahakama" na "tumesimamisha safari zote" ni habari mbili tofauti. Kwenye ile ya kwanza tiketi ingali hai. Yako ni ya pili.

Ikiwa kadi yako ilikuwa ya mkopo na imetolewa Uingereza, una kitu kikubwa zaidi: kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo kwa watumiaji ya 1974. Bidhaa au huduma ya zaidi ya pauni 100 hadi 30,000 humfanya mtoa kadi awajibike pamoja na muuzaji, na hapo hata gharama ya ziada ya kurudi inaweza kudaiwa. Tahadhari ni kwamba kifungu hicho hulegea pale wakala anapokaa katikati ya malipo. Aliyelipa kwa kuhamisha pesa benki au kwa simu kwa kawaida hana mlango wa kupinga muamala. Kwake inabaki bima, wakala na mfilisi, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyofilisika.

Wakala wako bado hajamaliza kazi yake. Mawakala wengi wa mtandaoni huchukua pesa zako kwa jina lao, kisha hulilipa shirika kwa kadi ya mtandaoni ya kampuni yao. Wakifanya hivyo, wao wenyewe wanaweza kupinga muamala ule na kurudishiwa. Waandikie, usipige simu, uwaulize: "Mlililipa shirika kwa njia gani, na je, mmedai au mmerudishiwa fedha za uhifadhi huu?" Wakisema wamerudishiwa, pesa hizo ni zako. Wakikwepa, jibu lao liambatishe kwenye dai la benki.

Bima ya safari isome ukitafuta maneno "kufilisika kwa shirika la ndege." Bima ya kawaida ya kuahirishwa kwa safari mara nyingi haigusi kufilisika, na hata inayogusa huondoa mashirika ambayo habari zao mbaya zilishajulikana siku uliponunua bima.

Mwisho wa foleni yuko mfilisi. Jiandikishe kama mdai, fomu hutolewa bure, ila usijenge matumaini yako hapo. Wadai wenye dhamana, yaani waliowekewa mali rehani, hutangulia, na katika nchi nyingi wafanyakazi pia huwa mbele. Abiria ni mdai asiye na dhamana, hugawana makombo kama yapo, na kazi hiyo huchukua miezi au miaka. Hata fidia iliyowekwa na kanuni ya Ulaya ya haki za abiria wa ndege, namba 261 ya 2004, hugeuka deni la kawaida kwenye orodha hiyo. Benki ikikulipa, mjulishe mfilisi afute kiasi hicho, maana kudai kitu kimoja mara mbili kutakuletea matatizo.

Mfilisi wa kweli hakuombi namba tatu za nyuma ya kadi, wala msimbo uliotumwa kwenye simu yako, wala "ada ya kuharakisha." Siku chache baada ya shirika kuanguka, kurasa za uongo za marejesho huanza kuzagaa. Anwani ya mfilisi ichukue kwenye tangazo rasmi uliloliweka kwenye picha ya skrini.

Benki ikikurudishia pesa ndani ya siku chache, uliza kama ni za muda. Upande wa pili bado una nafasi ya kupinga, na upande huo ukishinda, pesa huondolewa tena kwenye akaunti yako. Zisitumike, na karatasi zisitupwe, mpaka benki ikuandikie kwamba shauri limefungwa.