Seva iko Frankfurt, wewe uko Mtwara: jua kwanza kilichokatika

Msimu mmoja wa korosho nilikuwa nasimamia seva sita za mteja wa hapa Mtwara, zote ziko Frankfurt, Ujerumani. Kesho yake kulikuwa na mnada, na mfumo wake wa kuandika uzito wa magunia ghalani ulitakiwa usasishwe usiku uleule. Nikakaa chumbani kwangu Ligula, modemu nimeiegesha dirishani, nikawasha Ansible, programu inayotuma kazi moja kwa seva nyingi kwa pamoja.

Seva tano zikajibu kwa kijani. Ya sita, iliyokuwa na vifurushi vingi vya programu kuliko wenzake, ikanyamaza. Dakika tano, kumi, ishirini, hakuna kosa wala herufi mpya. Nikakatisha kwa Ctrl+C, nikaanza upya, nikaambiwa kufuli la apt limeshikwa. Apt ndiyo inayosakinisha na kusasisha programu kwenye seva, na kufuli ni faili linalozuia kazi zake mbili zisiingiliane. Nikalifuta.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kazi ya kwanza ilikuwa bado inaendelea kule kwenye seva. Aliyekatika ni mimi. Kwa kufuta lile faili niliruhusu sasisho mbili ziingiliane, na adhana ya alfajiri ilinikuta bado nahangaika na `dpkg --configure -a`, amri ya kumalizia usakinishaji ulioishia njiani. Tangu siku hiyo siligusi kufuli kabla sijaandika `ps aux | grep apt` na kuona mwenyewe kwamba hakuna anayelishika.

Likitukuta hili, wengi wetu hukimbilia `timeout` kwenye ansible.cfg, faili la mipangilio ya Ansible, tunaitoa sekunde 10 tunaipeleka 60. Namba hiyo ni muda wa kusubiri mlango ufunguliwe. Mazungumzo yakishaanza, haiyalindi. Kwa hiyo soma kwanza unachoambiwa. “Connection refused” maana yake umefika kwenye mashine ila hakuna anayesikiliza kwenye poti (mlango wenye namba) hiyo, au fayawoli, ukuta wa ulinzi wa mtandao, imekukatalia waziwazi. “Connection timed out” maana yake ulichotuma hakijarudishiwa jibu: anwani imekosewa, mashine imezimwa, au fayawoli inameza pakiti kimyakimya. Ukimya wa katikati ya kazi, kama ule wangu, ni ugonjwa mwingine kabisa.

Ukimya huo una sababu. Mtandao wa simu huweka kumbukumbu ya kila muunganisho unaopita kwake, na ule usiopitisha kitu kwa muda hufutwa bila kukuarifu. Moduli ya apt nayo, ikiwa kazini, hairudishi chochote mpaka imalize. Sasisho la dakika nane ni dakika nane za laini tupu. Dawa yake ni kuifanya SSH, njia salama ambayo Ansible hupitia kuingia kwenye seva, ipige hodi mara kwa mara:

`ssh_args = -C -o ControlMaster=auto -o ControlPersist=60s -o ServerAliveInterval=20 -o ServerAliveCountMax=6`

Mstari huo unakaa chini ya `[ssh_connection]` kwenye ansible.cfg. Usiandike vile viwili vya mwisho peke yake, maana ukiweka `ssh_args` yako, ile ya asili ya Ansible, inayotumia tena muunganisho uleule kwa kila hatua, inaondoka yote, na utashangaa kwa nini kila hatua imekuwa nzito. Kwa mpangilio huu, laini ikifa kweli utajua ndani ya dakika mbili hivi badala ya kukodolea macho skrini.

Lakini kupiga hodi hakuzuii umeme kukatika wala bando kuisha. Kazi yoyote ndefu naiwekea `async: 1800` na `poll: 15`: seva inaichukua kazi na kuifanya yenyewe, Ansible inachungulia tu kila baada ya sekunde 15. Nikipotea hewani, kazi haipotei.

Hatua iliyonisaidia kuliko zote ni kukodi mashine ndogo hukohuko Frankfurt. Ansible inaishi humo, ndani ya tmux (programu inayoacha kazi iendelee hata ukitoka), na kutoka Mtwara naingia kutazama tu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikadorora nchi nzima, kazi inayoendeshwa kutoka kwenye kompyuta yako ya mapajani ingefia njiani. Inayoendeshwa karibu na seva isingejua kama kuna kilichotokea Bahari ya Hindi.

Msimu uliopita umeme ulikatika Ligula katikati ya sasisho. Nilihamia kwa rafiki Shangani, nikaingia kwa simu, nikaandika `tmux attach` kurudi kwenye kazi ileile. Seva zote sita zilikuwa zimeshamaliza.