Sainasi ya upande mmoja isiyosikia dawa

Kwa miezi minane nilitokwa na makamasi mazito, tundu la kulia tu. Nikiinama kufunga kamba za viatu, shavu la kulia linajaa na kuvuta kama jino bovu. Halafu kuna ile harufu ya uozo, inayokuja na kupotea. Nilimaliza dozi tatu za antibayotiki. Kila moja ilinipa nafuu ya siku chache, kisha yaleyale.

Hakuna aliyeniuliza: mbona upande mmoja? Mafua na aleji kwa kawaida hushika pande zote mbili. Ukiona tatizo limeganda upande mmoja kwa zaidi ya wiki 12, mwombe daktari wa masikio, pua na koo akupime kwa CT scan. Yangu ilionyesha sainasi ya shavu, yaani uwazi ndani ya mfupa wa uso kando ya pua, imejaa, na katikati vidoa vyeupe kama chokaa. Donge la fangasi. Daktari akataka kujua kama nimewahi kutibiwa mzizi wa jino la juu upande ule. Nimewahi. Mizizi ya magego ya juu imepakana na sainasi, na dawa ya kuzibia ikipenya humo, fangasi hupata pa kuota.

Nilitegemea vidonge. Sikupewa, na sasa naelewa kwa nini: donge la namna hii halijaingia kwenye nyama, limekaa tu kwenye uwazi ambako dawa haifiki vizuri. Mtu mwenye kinga nzuri hutibiwa kwa kulitoa. Nilipigwa nusu kaputi, wakapitisha kamera nyembamba puani, wakapanua mlango wa sainasi na kusafisha. Usoni sina hata alama.

Lakini usichukue tiba yangu ukaifanya yako. Kuna fangasi wa aleji, wanaokuja na vinyama vya pua na ute unaonata kama siagi ya karanga. Huko upasuaji ni mwanzo tu. Hufuata steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) na miadi ya muda mrefu, maana vinyama hupenda kurudi.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi kulinisaidia sana baada ya upasuaji. Nusu kijiko cha chai cha chumvi isiyo na madini joto, kwa mililita 240 za maji yaliyotokota angalau dakika moja yakapoa. Maji ya bomba yasiyochemshwa, hapana kabisa. Kuna amiba, kijidudu kisichoonekana kwa macho, anayeweza kupita puani hadi kwenye ubongo, na wengi anaowashambulia hufa.

Na kama una kisukari kilichopanda, unatumia dawa za saratani au kinga yako imeshuka, haya ya kusubiri wiki 12 hayakuhusu. Jicho kuvimba, kuona vitu viwiliviwili, shavu kufa ganzi, doa jeusi puani au kwenye kaakaa: hizo huenda ni dalili za fangasi wanaokula nyama, kama wale waliosumbua India mwaka 2021 wakati wa UVIKO-19. Hutibiwa kwa amfoterisini B, dawa ya fangasi ya mshipani, na kukata sehemu iliyokufa, na kila saa ina uzito. Dalili hizo zikikukuta usiku, nenda hospitali usiku huohuo.