Uliza Kocha: Muda umeisha na mwanangu hajaingia

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni mzazi wa hapa Igoma, mwanangu ana miaka 11. Jumamosi kwenye bonanza la watoto walipangiwa mechi ya saa 11 jioni, za mbele zikachelewa, wao wakaingia saa 12 na nusu, kipindi cha pili kinaanza tu giza hilo refa akamaliza mpira. Mwanangu alikua sabu, amefungua na kufunga kamba za viatu mara tatu anasubiri kuitwa, hakuitwa. Dada yangu yuko Kanada, mwanae anacheza hoki ya barafu, anasema kule muda ni muda. Wenzetu wanafanyaje?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana, kijana nae mpe pole yangu maana hizo kamba za viatu zimeniuma kweli.

Kule hoki inachezwa juu ya barafu, na uwanja huo wa barafu unakodiwa kwa saa na timu zinapanga foleni, alafu kati ya mechi na mechi lazima mashine ipite kuilainisha, kwahiyo muda wanaubana haswa. Wakubwa wa NHL, ile ligi kuu ya hoki ya Kanada na Marekani, wanacheza vipindi 3 vya dakika 20 na saa inasimama kila filimbi ikilia, ndo maana mechi ya dakika 60 inafika masaa mawili na nusu. Watoto hawapewi hivyo, vipindi vyao ni vifupi na sehemu nyingi saa inaachwa itembee tu, hasa timu moja ikishaongoza kwa magoli mengi. Na mechi kukatwa hata kule zinakatwa, muda wa uwanja ukiisha umeisha, ila kila mzazi anakua ameshaambiwa mapema.

Lakini kitu cha kuiga hasa ni sabu. Kwenye hoki wachezaji wanapokezana kila baada ya sekunde 45 hivi au dakika moja, wanatoka wanarudi, kwahiyo hata mechi ikikatwa katikati kila mtoto ameshacheza. Sisi tunamwekea mtoto kipindi cha pili kama akiba, kipindi chenyewe kikifa na yeye ndo basi.

Na sheria za mpira wa miguu kwa watoto zinaruhusu, dakika zinaweza kupunguzwa ilimradi vipindi vilingane, na aliyetoka anaweza kurudi. Mimi ningepanga dakika 15 kwa 15, maji dakika 3, dakika ya 7 sabu wote wanaingia, na mtu mmoja akae mezani na simu anahesabu. Hapa Mwanza jua linazama kwenye saa 12 na nusu mpaka saa 1 na dakika chache kutegemea mwezi, kwahiyo ikifika saa 12 na robo mechi isianzishwe. Mkiona mmechelewa toka mchana punguzeni dakika kwenye mechi zote zilizobaki, msiwaachie watoto wa mwisho mzigo wote, sio haki kabisa.

Jumamosi ijayo mama wahi uwanjani, muone kocha wake kabla hawajaanza kupasha, umuulize mwanangu anaingia dakika ya ngapi.