Ukimaliza Rosa Mistika, soma hizi

Mkuu, umesema umemaliza Rosa Mistika ya Kezilahabi na unataka riwaya ya kuvuta siku nzima, basi mi nakwambia bila kusita anza na Vuta N'kuvute ya Adam Shafi. Yule binti Yasmin ameozeshwa mzee asiyempenda, anatoroka, halafu huko Unguja anakutana na Denge, kijana anayepambana na wakoloni Waingereza, yaani mapenzi na siasa vinabanana humo mpaka unasahau kula. Filamu yake ilitoka 2021 ila kitabu kwanza tafadhali. Ukimpenda Shafi pitia na Kuli, mambo ya bandarini na mgomo, nzuri pia.

Nagona ya huyohuyo Kezilahabi iache kwanza, ni fupi lakini nzito, mtu akiikurupukia anakata tamaa na kuona riwaya zetu zote ngumu, na hiyo inaniuma.

Halafu kuna Peponi, ile riwaya ya Kiingereza Paradise ya Abdulrazak Gurnah aliyepata Nobel ya fasihi 2021, sasa ipo kwa Kiswahili. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake, baadaye anaenda na msafara wa biashara bara, na sisi tuliokulia huku Dodoma tukisoma habari za misafara inatugusa kwelikweli. Ninayoisubiri kwa hamu ni Theft, riwaya ya Gurnah ya 2025, bado sijaitia mkononi. Kama uko Dom mjini sema, Vuta N'kuvute ninayo nikuazime, tukutane hata pale Nyerere Square jioni, ila usinikunjie kurasa.