Saratani ya Mlango wa Kizazi: Usisubiri Kuona Damu

Miongoni mwa saratani zote zinazowapata wanawake wa Tanzania, ile ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza, na ndiyo pia ambayo tuna uwezo mkubwa wa kuizuia kabla haijaanza. Ninasema hivyo kama mtu aliyemuuguza mama yake mdogo tangu siku ya majibu hadi mwisho wa matibabu, na ambaye baadaye alipimwa, akakutwa na mabadiliko ya awali, akatibiwa siku hiyo hiyo na kurudi nyumbani kwa daladala. Sisi wawili tulianza na tatizo la aina moja. Yeye alikwenda hospitali baada ya kuona damu, mimi nilikwenda nikiwa sina maumivu yoyote, na makala hii inahusu tofauti hiyo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Mwili hutengeneza seli mpya kila siku ili kuziba nafasi za zile zilizochakaa, na kila seli hubeba maelekezo ya lini igawanyike na lini ife. Maelekezo hayo yakiharibika na mwili ukashindwa kuyarekebisha, seli huendelea kugawanyika bila kikomo, hujenga uvimbe, hupenya katika nyama za jirani, na hatimaye husafiri kwa njia ya damu na limfu hadi kwenye viungo vya mbali. Kinachoharibu maelekezo hayo hutofautiana kutoka saratani moja hadi nyingine: moshi wa sigara kwa mapafu, virusi vya homa ya ini aina ya B kwa ini, mionzi ya jua kwa ngozi ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwa mlango wa kizazi, chanzo cha karibu wagonjwa wote ni virusi vya papiloma, vinavyojulikana zaidi kwa kifupi cha HPV. Mtafiti wa Kijerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kugundua uhusiano huo, na leo tunajua kwamba aina mbili tu za virusi hivyo, namba 16 na namba 18, zinasababisha takriban asilimia 70 ya saratani hii duniani.

Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi za sehemu za siri, na hapa ndipo aibu inapoingia. Nimesikia wanawake wakinong'ona wodini kwamba ugonjwa huu ni malipo ya uhuni. Maneno hayo si ya kweli na ni ya kikatili. Watu wengi waliowahi kujamiiana hupata HPV wakati fulani wa maisha yao, na mwanamke aliyemjua mwanamume mmoja tu, mume wake wa ndoa, anaweza kuipata vilevile. Kondomu hupunguza uwezekano wa kuambukizwa lakini haiumalizi, kwa sababu haifuniki ngozi yote. Kwa wanawake wengi, kinga ya mwili huviondoa virusi hivyo ndani ya mwaka mmoja au miwili bila wao kujua chochote. Tatizo huanza kwa wachache ambao virusi hubaki mwilini mwao, na huwa kubwa zaidi kwa anayevuta sigara, aliyezaa mara nyingi, na hasa kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye uwezekano wake wa kuugua saratani hii ni karibu mara sita ya mwanamke asiye navyo.

Hata hivyo, virusi vikibaki havileti saratani kesho yake. Kwa mwanamke mwenye kinga ya kawaida, safari kutoka maambukizi hadi saratani huchukua miaka 15 hadi 20, na kwa yule ambaye kinga yake imeshuka bila matibabu inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Katika muda huo wote seli za mlango wa kizazi huwa zimeanza kubadilika, zinaonekana kwa kipimo, zinatibika kwa dakika chache, na mwenye mwili hahisi kitu. Ndiyo maana mwanamke anayesema atakwenda kupima akiona dalili, hata awe makini namna gani, anajiwekea miadi na ugonjwa uliokwisha kukomaa.

Mama mdogo alikuwa amekoma hedhi miaka kadhaa alipoanza kuona matone ya damu. Majirani walimtania kwamba hedhi imerudi, kwamba amekuwa msichana tena, na kwa kuwa hakuwa na maumivu, utani ule ulimtuliza. Ukafuata uchafu ukeni, majimaji mepesi mwanzoni, kisha mazito yenye harufu. Katika zahanati aliyokuwa akitibiwa alipewa vidonge vya maambukizi, vilipokwisha akapewa vingine, na hakuna aliyempandisha kitandani kumwangalia mlango wa kizazi. Nyumbani kwake Tanga alizoea kufukiza udi kwa sikukuu na wageni. Sasa akawa anafukiza kila asubuhi, anaukalia moshi, anajifunga khanga mbili na ya tatu anaikunja mkobani, na sisi tuliokwenda kumtembelea tukamsifu kwamba chumba chake kinanukia. Ule udi ulikuwa unaficha ugonjwa. Ukimwona mama, shangazi au bibi yako ameanza kujitenga, hataki kukaa karibu na watu, anafua khanga zake mwenyewe usiku, muulize kwa upole na faraghani, na kama wewe ni kijana wa kiume basi mtume dada au mke wako amuulize.

Damu yoyote baada ya kukoma hedhi ni ya kuchunguzwa, hata iwe tone moja. Hedhi ikishakoma mwaka mzima, hairudi kwa sababu ya kula vizuri au kupumzika. Vivyo hivyo damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya hedhi moja na nyingine, na uchafu wenye harufu ambao haukomi baada ya dawa. Dalili hizo zinaweza kuwa za ugonjwa mwingine mdogo, na mara nyingi huwa hivyo, lakini jibu hilo litoke kwa mtu aliyekuangalia, lisiwe la kukisia akiwa ng'ambo ya meza. Una haki ya kumwambia mhudumu, kwa adabu kabisa, kwamba umeshapewa dawa na hali haijabadilika, hivyo unaomba uchunguzwe mlango wa kizazi au upewe rufaa. Maumivu ya nyonga na kiuno, kuvimba mguu, na mkojo au haja kubwa kupitia ukeni ni dalili za ugonjwa ulioenea, na mgonjwa aliyefikia hapo asicheleweshwe hata siku moja.

Hospitali ya rufaa walimchukua kinyama, yaani kipande kidogo cha mlango wa kizazi kinachopelekwa maabara kuangaliwa kwa hadubini. Ndugu wawili walikuja juu wakisema kwamba saratani ikiguswa na kisu husambaa. Imani hiyo nimeikuta kila mahali, na imewanyima wengi matibabu. Kuchukua kinyama hakuenezi ugonjwa huu, na bila majibu yake hakuna daktari anayeweza kuanza tiba. Majibu yalipotoka, ugonjwa ulikuwa hatua ya pili, umeshatoka nje ya mlango wa kizazi, kwa hiyo upasuaji wa kutoa kizazi, ambao huwafaa zaidi walio katika hatua ya kwanza, haukuwa tena njia yake. Akaandikiwa mionzi pamoja na dripu ya dawa za saratani, na tukaanza safari ya Dar es Salaam.

Wapo watu ambao wakisikia fulani amepelekwa Ocean Road huanza kuulizana kuhusu msiba. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyopo katika lile jengo la Wajerumani ufukweni, nimeiona kwa macho yangu ikiwatoa watu wakiwa wazima. Wanaofia pale, wengi wao wamefika wakiwa wamechelewa, na wanaochelewa huchelewa kwa sababu wameiogopa. Siku hizi matibabu ya mionzi yanapatikana pia Bugando jijini Mwanza, jambo lililowapunguzia mzigo watu wa Kanda ya Ziwa.

Kwa anayejiandaa kumuuguza mgonjwa wa namna hii, ninasisitiza mambo ambayo hayasemwi sana. La kwanza ni damu. Mgonjwa aliyetokwa na damu kwa miezi huwa amepungukiwa, na mionzi haifanyi kazi vizuri kwenye uvimbe usiopata hewa ya kutosha kupitia damu, kwa hiyo madaktari hukataa kuanza hadi aongezewe. Tafuteni wachangia damu mapema, kabla ya kuambiwa. Figo pia hupimwa, kwa kuwa uvimbe unaweza kubana mirija ya mkojo, na dawa ya dripu inayotumika sana kwa saratani hii ni nzito kwa figo. Halafu kuna mionzi ya ndani, inayokuja baada ya ile ya nje au sambamba nayo, ambapo kifaa huingizwa ukeni hadi karibu na uvimbe. Wanawake wengi huiogopa na wengine hutoroka wakiona nafuu imepatikana kwa ile ya nje. Mgonjwa wenu asiache katikati. Mionzi ya ndani ni sehemu kamili ya tiba, na kuiacha ni kuuachia ugonjwa nafasi ya kurudi. Kuharisha, uchovu na mkojo kuunguza huwapata wengi, na uke unaweza kukaza na kusinyaa baadaye. Hilo la mwisho mwambieni mume wake pia, mapema na kwa heshima, maana baba mdogo aliteseka kimya akidhani mkewe amemchukia, mpaka muuguzi mmoja alipowakalisha pamoja akawaeleza.

Sasa nije kwenye kipimo, kwa sababu wanaokiogopa ni wengi kuliko waliokifanya. Katika vituo vyetu vingi vya serikali, kwenye kliniki za afya ya uzazi, wanapima kwa siki. Unalala chali, muuguzi anafungua uke kwa kifaa maalumu, anapaka mlango wa kizazi kimiminika cha asidi ya siki kilichozimuliwa, anasubiri kama dakika moja, kisha anaangalia kwa taa. Seli zilizobadilika huwa nyeupe. Nilihisi ubaridi, kisha kuwashwa kidogo kama kwenye mchubuko, basi. Muuguzi aliniambia anaona sehemu ndogo nyeupe, akanionyesha mchoro ukutani, akanieleza kwamba hiyo si saratani na kwamba anaweza kuiunguza kwa kifaa cha joto pale pale. Haikufika hata dakika mbili, na maumivu yake yalikuwa kama ya tumbo la hedhi. Kwa wiki chache nilitokwa na majimaji, nikakatazwa tendo la ndoa kwa mwezi mmoja ili kidonda kipone, na nikapewa tarehe ya kurudi baada ya mwaka. Mume wangu alisoma kikaratasi kile, akakibandika mwenyewe kwenye kabati.

Kipimo cha siki kina mpaka wake. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, eneo linalotakiwa kuonekana huwa limerudi ndani, hivyo siki haimfai, naye anahitaji kipimo cha kutafuta virusi vya HPV au kile cha kuchukua seli. Kipimo cha HPV ndicho ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kitangulie, kuanzia umri wa miaka 30 na kurudiwa kila baada ya miaka 5 hadi 10, na kwa mwanamke mwenye virusi vya UKIMWI kuanzia miaka 25 na kurudiwa kila baada ya miaka 3 hadi 5. Uzuri wake mwingine ni kwamba mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe, jambo linalowasaidia wale wanaoona haya. Mahali ambapo bado hakipo, pimwa kwa siki kama umri wako unaruhusu, usingoje. Usiende siku za hedhi nzito, na kabla ya siku hiyo usijisafishe ndani wala usiweke dawa yoyote ukeni. Zile dawa za mitishamba za kuingiza ukeni zinazouzwa kwa ahadi ya kusafisha kizazi hazizuii saratani wala haziitibu. Nimeona alizowekewa jirani ya kitanda cha mama mdogo, na kidonda chake sitaki kukieleza.

Mama mdogo anaendelea na kliniki ya ufuatiliaji na amerudia kazi yake ya kusuka ukili. Wanawe wa kike walisumbuliwa na ndugu wakidai kwamba ugonjwa huu ni wa ukoo. Hauko hivyo, kinachoambukizwa ni virusi, na kwao virusi vina chanjo. Tanzania iliingiza chanjo ya HPV katika ratiba yake mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na tangu mwaka 2024 inatolewa kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, shuleni na katika vituo vya afya. Inatolewa katika umri huo kwa sababu hufanya kazi vizuri zaidi kabla msichana hajakutana na virusi. Haiharibu kizazi wala haimzuii kuzaa, na uvumi huo ukiletwa kwenye kikao cha wazazi, simama useme. Msichana aliyechanjwa naye atapaswa kupimwa akifika umri wa kupima, kwa kuwa chanjo hailindi dhidi ya kila aina ya virusi vinavyoleta saratani hii. Kwa hiyo kadi yake ya chanjo itunze pamoja na cheti cha kuzaliwa, na umweleze sasa, kwa lugha ya umri wake, ni kwa ajili ya nini.